Siri za Chama cha Ploti

Binamu yangu, tunayekaa naye mtaani Umoja, aliamua kulinda hesabu za chama cha ploti kwa AES, usimbaji wa Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, uliopitishwa rasmi Marekani mwaka 2001. Programu zilizokwisha kuandikwa zimejaa tele, na za bure. Yeye akakataa, kama mtu anayetaka chapati akaanza kulima ngano.

Majaribio aliyapanga yajiendeshe yenyewe: chukua maneno, yafiche, yafichue, linganisha. Usiku kucha skrini ikawa kijani kibichi. Asubuhi akarusha faili kwenye WhatsApp ya chama: anayeweza, aisome!

Mama mboga, huku anakatakata sukuma, akasoma kwa sauti: "Soja wa geti, elfu tatu mia mbili, tangu Januari." Soja alikuwa hapo hapo akichagua nyanya.

Kumbe sehemu ya kuficha ilikuwa ikirudisha maneno vilevile yalivyoingia, na ya kufichua vilevile. Sasa kisichofichwa ukikifichua, utakosaje kupata ulichoanza nacho? Jaribio liliulizwa swali la kipuuzi, likajibu ndiyo.

Dawa imo ndani ya waraka wenyewe wa AES, FIPS 197. Unapewa ufunguo, 00 01 02 mpaka 0f. Unapewa maandishi, 00 11 22 mpaka ff. Na jibu sharti lianze na 69c4e0d8. Nikamwambia aliweke hilo kwenye majaribio. Skrini ikawa nyekundu pu! Mimi nikacheka, yeye akanuna.

Akiwa bado anasaka kosa, stima ikapotea. Tokeni imeisha. Na tokeni nayo ni usimbaji: tarakimu 20 zinazofichuliwa na mita yenye ufunguo wake tu. Ukikosea moja, imekataa, haina cha jirani wala binamu. Mwaka 2024 ndio tuliokoma: kihesabu cha dakika kilichoanza 1993 kilikuwa kinajaa tarehe 24 Novemba kwenye mita za namna hiyo duniani kote, kwa hiyo, ili kuisasisha mita, tukabonyeza tarakimu 60, tochi ya simu mdomoni, watoto wakilia gizani.

Siku hizi binamu anapata 69c4e0d8 kila mara. Chama lakini kimerudia daftari la karatasi, na mwekahazina hulala nalo chini ya mto. Soja bado hajalipa.