Abiria wa Mchanga

Bajaji ilikuwa inatoka njia ya Nkinga kuingia Ziba, wilayani Igunga. Mbuzi akakatiza, dereva akakanyaga breki, vumbi likatimka. Lilipotulia, mbuzi alikuwa ng'ambo akitafuna ganda la tikiti, na Bajaji ilikuwa imesimama salama salimini, ila sasa inaitazama Nkinga.

"Mwalimu, umesahau nini huko?" akauliza muuza vocha.

Dereva huyo ni mwalimu mstaafu. Mwandishi wa makala haya anamfahamu fika; wanavaa suruali moja. Jina si lazima.

Chombo chenyewe kilikuwa ukoo mzima. Fremu ilitoka kwenye Bajaji moja, injini kwenye nyingine iliyopinduka, na magurudumu ya nyuma pamoja na breki zake yakatoka kwenye ya tatu ambayo hakuna aliyejua ilikuwa aina gani. Kipya kilikuwa turubai tu. Herufi RE ambazo kampuni ya Bajaj ya India imekipa chombo hiki ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya injini ya nyuma, na ndiko iliko: nyuma ya abiria, inawapasha joto mgongoni bila nyongeza ya nauli.

Fundi aliyeviunganisha alikuwa na nadharia yake. "Mwalimu, injini iko nyuma, abiria wako nyuma, mzigo uko nyuma. Basi na breki kali ziwe nyuma." Maneno yalipangika vizuri mno, na Mwalimu, aliyekaa miaka mingi akisahihisha hesabu za watoto, akayapigia vema bila kukagua.

Ubaya wake ni kwamba nadharia hiyo ilifanya kazi, kwa masharti. Akipakia abiria watatu na gunia la mpunga, breki zilishika kama kucha za paka, na kina mama wakamsifu kwa uendeshaji wa kistaarabu. Aibu ilimfika akiwa peke yake. Bajaji tupu ikiguswa breki kwenye changarawe, magurudumu ya nyuma yalijifunga, mkia ukataka kuja mbele kuona kuna nini.

Sababu haina uchawi. Chombo kikipunguza mwendo, uzito huegemea mbele, ndiyo maana abiria wa basi hubusu kiti kilicho mbele yake. Tuchukue Bajaji yenye dereva, jumla kilo 400, umbali wa mita 2 kati ya gurudumu la mbele na ya nyuma, na kitovu cha uzito kikiwa nusu mita juu ya ardhi. Breki ikifikia nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, sehemu 1 kati ya 8 ya uzito huo huhama kutoka nyuma kwenda mbele. Ni kilo 50, mfuko mmoja wa sementi. Magurudumu ya nyuma yakishapokonywa mfuko wao, mshiko wao barabarani hupungua, na breki kali huyafunga yasizunguke. Gurudumu lililojifunga haliongozi chombo. Linateleza popote linapopata nafasi.

Wanyamwezi wa zamani hawakuhitaji hesabu hiyo. Mpagazi wa njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji aliyebeba mizigo kwa mzegamzega, mti begani na furushi kila ncha, alijua kabla ya kutoka kambini kama ncha ya nyuma imezidi. Bega lilimwambia. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipoingia Tabora mwezi Novemba 1857, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani, mabega ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa yamebeba msafara. Mwalimu alipogusia historia hii kijiweni, mtani wake Mzaramo, anayenunua mpunga huku, akamkata kauli: "Babu zako walitubebea mizigo mpaka pwani na kurudi bila kugeuka nyuma hata mara moja. Wewe umeshindwa na mbuzi."

Dawa ya kwanza ya fundi ilikuwa kulegeza breki za nyuma. Akainua chombo kwa jeki, akazungusha, akalegeza. Pedeli ikazama chini zaidi, halafu mkia ukageuka vilevile. Breki za mafuta ndivyo zilivyo: breki shuu zilizolegezwa huchelewa tu kugusa. Zikishagusa, mgandamizo wa mafuta ni uleule kwenye mabomba yote, mbele na nyuma.

Dawa ya pili ilikuwa gunia la mchanga kwenye kiti cha abiria. Hii ilisaidia, na Mwalimu akazunguka nalo wiki nzima. Watu wakamuuliza anajenga wapi. Mmoja akauliza bei ya tripu. Bibi mmoja mwenye haraka ya kwenda hospitali ya Nkinga alichungulia ndani, akalisalimia gunia, akasema atasubiri inayofuata kwa kuwa hii ina mtu.

Aliyefumbua fumbo ni mzee aliyetengeneza Volkswagen za mgongo wa kobe enzi zake. Zile nazo injini zilikuwa nyuma, na kama asilimia 60 ya uzito ilikaa huko. Si magari ya kuchekwa: zilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962, kwenye vumbi na matope ya aina anayoijua kila mtu wa Igunga. Mzee akauliza swali moja: "Silinda za breki za Volkswagen, kubwa zilikuwa mbele au nyuma?"

Fundi akajibu nyuma, bila wasiwasi.

"Mbele," akasema mzee, na kuomba spana.

Walipofungua, ukoo ukaumbuka. Silinda za nyuma zilikuwa za chombo kikubwa zaidi. Tofauti ya macho ni ndogo, lakini silinda ya milimita 22 ikikaa mahali pa milimita 19 husukuma kwa nguvu zaidi kwa theluthi nzima, kwa kuwa kinachohesabika ni eneo, si kipenyo. Mbele nako, breki shuu zilikuwa zimelowa grisi. Kwa maneno mengine, nyuma ilifanya kazi ya watu watatu na mbele ilikuwa likizo.

Silinda zikabadilishwa, breki shuu za mbele zikawekwa mpya, upepo ukatolewa kwenye mabomba. Jaribio likafanyika kwenye uwanja wa mchanga, mzee akiwa amechuchumaa pembeni kusoma alama za matairi: mwendo mdogo kwanza, njia iliyonyooka, chombo kitupu, halafu chenye mzigo. Alitaka gurudumu la mbele lianze kujifunga kidogo kabla ya yale ya nyuma. Likaanza. Bajaji ikasimama ikitazama ilikokuwa inakwenda, jambo lililowasikitisha watoto waliokuja kuangalia.

Mzee alikataa malipo, akapokea soda. Gunia la mchanga limeshushwa uani kwa Mwalimu, na Mzaramo ameshauliza mara mbili kama linauzwa.