Gurudumu la Mbele Halina Mwenzake

Hapa Choma Chankola kila mtu ni mwalimu wa bajaji, isipokuwa wenye bajaji. Muuza kahawa anajua. Fundi baiskeli anajua. Mama watoto wangu, ambaye hajawahi kuendesha chochote zaidi ya cherehani, anajua kuliko wote. Na somo lao ni hilohilo: "Ile wala haisumbui, inasimama yenyewe." Hata mbuzi anasimama mwenyewe, lakini sijaona mtu akimkabidhi abiria.

Niliinunua kwa kiinua mgongo. Baada ya kufundisha hisabati ujana wangu wote, nikaona sasa nikae barazani, dereva azunguke, jioni aniletee hesabu. Madereva wakapokezana. Hesabu waliyoniletea ilikuwa ya maneno matupu: leo pancha, kesho msiba, keshokutwa mvua imenyesha na udongo wa mbuga umeng'ang'ania tairi. Akiugua mmoja anaweka deiwaka, na deiwaka naye ana deiwaka wake. Nikasema basi, nitaendesha mwenyewe.

Anayenifundisha ni kijana wa Kizaramo aliyefuata biashara ya mpunga huku kwetu akanogewa. Yaani mtani. Mnyamwezi kufundishwa na Mzaramo ni adhabu tosha hata kabla hujaingiza gia. Asubuhi ananiamkia "Shikamoo mwalimu", naitikia marahaba, na adabu inaishia hapo.

"Mzee, babu zenu walikuja pwani kwa miguu na pembe za ndovu begani. Nyie na vyombo vya moto wapi na wapi?"

Nikamjibu kwamba babu zetu walitoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo wamejitwika mizigo ya kilo thelathini na zaidi, miezi kadhaa porini, na sijasikia hata mmoja aliyepinduka kwenye kona.

"Kwa sababu walikuwa na miguu miwili," akasema. "Wa tatu ndio wenye balaa."

Hapo, kwa shingo upande, nikakubali kwamba mtoto wa pwani anajua hesabu. Nimechora pembetatu ubaoni miaka nenda rudi bila kujua kwamba siku moja nitaikalia kwenye ncha yake. Maana bajaji ni pembetatu: gurudumu moja mbele, mawili nyuma, na uzito wote unatakiwa ubaki ndani. Ukikata kona kwa kasi, uzito unakimbilia nje ya kona. Ukikanyaga breki hapohapo, unakimbilia na mbele. Sasa pale mbele pembeni unakokimbilia, gari lina gurudumu la kuupokea. Bajaji ina hewa. Pikipiki angalau hulala pamoja na kona. Hii imekaa wima kwa kiburi mpaka dakika ya mwisho. Kwa hiyo mwendo unapunguzwa ungali kwenye mnyoofu, kona unaiingia taratibu na gia ndogo, na breki unaisahau mpaka utoke.

Abiria nao wakae nyuma, watatu kama sheria inavyotaka, karibu na yale magurudumu mawili, na mzigo uwe chini sakafuni. Kamwambie hivyo mtu siku ya mnada! Anataka akae kwa dereva, "nabana kidogo tu mwalimu", goti lake liko kwenye hendeli yangu, jogoo kwapani, na kiroba cha mchele ameshakirusha juu ya paa. Nikikataa ninaambiwa nina roho mbaya, tena na watu niliowafundisha pembetatu mimi mwenyewe. Walipata alama gani, sasa ninakumbuka vizuri.

Na barabara zetu je? Pikipiki ina mstari mmoja wa kupita, gari lina miwili, bajaji ina mitatu. Shimo ambalo gari linalipitisha katikati ya miguu yake bila hata kulisalimia, wewe ukilikwepa kwa magurudumu ya nyuma, la mbele linaingia moja kwa moja. Huko mashambani malori na mikokoteni ya ng'ombe imechimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati. Bajaji ni nyembamba kuliko lori, hivyo ukiweka gurudumu la mbele mferejini, la nyuma moja limepanda tuta na jingine liko kwenye majani. Unaendesha umeinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea.

Karl Benz alishtuka mapema. Gari lake la mwaka 1886, lile lililompa hataza, lilikuwa na magurudumu matatu, moja mbele kama letu. Ilipofika 1893 akatoa lenye manne. Waingereza wao wakaendelea kubishana na maumbile mpaka Mr Bean akapata kazi: kile kigari cha buluu anachokipindua kila mara kina magurudumu matatu. Miaka yote nilikicheka kwenye video za kuazima. Sasa nikikiona nageuza uso.

Halafu kuna huu mkono wa kushoto. Ubane klachi, na mkono huohuo uzungushe gia, huku wa kulia unapiga resi na mguu wa kulia unachungulia breki. Gia ya kurudi nyuma ina kirungu chake peke yake, kama vile kurudi nyuma ni dharura ya taifa. Kwa umri wangu, mkono wa kushoto ulikuwa umeshastaafu pamoja nami.

Mafunzo yenyewe nimeanza kuyatilia shaka. Somo la kubeba mzigo lilikuwa kupeleka magunia yake ya mpunga mashineni. Somo la kurudi nyuma lilikuwa kuingiza bajaji uani kwa kina mchumba wake, polepole, ili wakwe waione vizuri. Wiki hii tuna somo la safari ndefu, mpaka Ziba, ambako kwa bahati kuna mtu anamdai. Bajaji yangu, mafuta yangu, jasho langu, na karo juu yake.

Nilipomuuliza mimi nitalipwa lini, alijiegemeza kwenye kiti cha nyuma, akakunja nne.

"Mtani, mpagazi hulipwa akifika pwani."