Mbio Sambamba na Muuza Ndizi

Shemeji yangu ana baiskeli ya Phoenix ya inchi 28, na juzi kaitia umeme. Mota ya kwenye habu kaipata Kariakoo, mtumba wa Ulaya, imetoka kwenye baiskeli ya kukunja yenye magurudumu ya inchi 20. Fundi akaisuka upya kwenye rimu kubwa, akafunga betri kwenye keria na kioo kwenye usukani. "Jaribu, shemeji," akaniambia, "ila uwe makini, hii kitu ni moto."

Nikatoka Sinza kuelekea Ubungo. Mota ikivuta kidogo, inakata. Inavuta, inakata. Natazama kioo: kilomita 25 kwa saa. Pembeni yangu mama muuza ndizi, sinia kichwani, anatembea zake kwa haraka ya sokoni, jasho hana. Tukaenda bega kwa bega mpaka akanionea huruma. "Pole, baba," akasema, akakata kona. Nikaamua kukanyaga mwenyewe. Kioo kikapanda 40, 50, 60. Bajaji zikanipita, daladala zikanipita, na trafiki, ambaye kazi yake ni mwendokasi, hata kichwa hakugeuza.

Fundi alipoifungua ndipo tukaelewa. Ndani mna sensa tatu ndogo nyeusi zinazoiambia kontrola sumaku za mota ziko wapi, ijue koili ipi ipewe umeme. Hizo hazifai kupima mwendo kwenye mota ya gia kama hii, kwa sababu ina firiwili ndani: ukiacha kuvuta, mota inasimama na gurudumu linaendelea. Ungeshuka mteremko wa Chuo Kikuu upepo ukikuvua kofia, na kioo kimeandika sifuri. Kwa hiyo ipo sensa ya nne, imekaa kwenye ekseli, inachungulia sumaku zilizobandikwa kwenye ganda linalozunguka na gurudumu. Kontrola inahesabu sumaku zikipita, inapiga hesabu kwa ukubwa wa gurudumu, basi. Barabara haiioni. Inaamini ilichoambiwa.

Na iliambiwa sumaku ni 1. Zilikuwa 6. Kila mzunguko mmoja ukahesabiwa sita, ila kwa gurudumu la inchi 20, lile la baiskeli ya zamani. Huko Ulaya sheria inataka mota iache kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa, na mtumba ulikuja na sheria yake. Yaani nilikuwa nikizuiwa Ubungo kwa amri ya Brussels, nikiwa kwenye kilomita sita.

Fundi akaandika 6, akafunga, akalipwa. Inchi 20 akaziacha vilevile. Ikawa kioo kikisema 18, unakwenda 25, na mota haikati mpaka 35. Mota ya gurudumu dogo huzunguka upesi, kwa hiyo nguvu za kufika huko inazo. Breki za Phoenix, zile za vyuma, hazikuwahi kuulizwa maoni yao. Shemeji alizigundua kona ya kwanza, akasimamishwa na genge la nyanya.

Tukaandika 28. Kioo sasa kinasema kweli tupu, na shemeji amenuna, maana kijiweni alishatangaza kwamba chombo chake kinagonga 60. Jana kamuuliza fundi kama inawezekana kurudisha ile 1, ila mota isijue.