Jinsi ya Kuvuka Katiba Mpya Bila Kulowa

Mheshimiwa mtarajiwa, pole na hongera. Pole kwa kuwa wananchi wamepitisha katiba mpya, na hongera kwa kuwa uchaguzi wa kwanza chini yake unakaribia na wewe bado unapumua kisiasa. Usiingiwe na baridi. Sisi Wakenya tulishaipita njia hiyo Machi 2013, na tuliyoyaona yanamtosha mgombea yeyote, awe anatafuta wadi au Ikulu.

La kwanza, usijisumbue na kumbukumbu ya upande uliosimama wakati wa kura ya maamuzi. Tarehe 4 Agosti 2010 tulichagua kati ya kijani, yaani ndiyo, na nyekundu, yaani hapana. Kijani kikapata takriban asilimia 67. William Ruto, aliyekuwa mstari wa mbele wa wekundu, hakwenda kulima baada ya hapo. Alikuwa mtu wa kwanza kukikalia kiti cha Naibu Rais, kiti kilichoundwa na katiba ileile aliyoizunguka nchi nzima akiipinga. Kumbe kupinga nyumba isijengwe hakumzuii mtu kupewa chumba.

Wala siku ya kutangazwa katiba usiitie maanani kupita kiasi. Yetu ilitiwa saini na Rais Mwai Kibaki katika bustani ya Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010, sura nzima ya uadilifu wa viongozi ikiwamo ndani. Miongoni mwa wageni wa heshima alikuwa Omar al-Bashir wa Sudan, aliyekuwa akitafutwa na mahakama ya The Hague. Alihudhuria sherehe, akarudi kwao salama.

Sasa tuingie kwenye kazi. Soma tarehe ya uchaguzi iliyoandikwa katika katiba, kisha uulize uchaguzi utafanyika lini hasa. Yetu ilisema Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Tukapiga kura Jumatatu, tarehe 4 Machi. Sababu zilikuwepo, za kisheria, tena zilipitia mahakamani na zote zilisikika vizuri. Ninachotaka ukione ni kwamba hata siku yenyewe ina kichochoro.

Chagua kiti. Zamani mpiga kura wa Kenya alikuwa na karatasi tatu tu: rais, mbunge na diwani. Mwaka 2013 alikabidhiwa sita, za rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi, kisha akaachwa atafute debe lenye rangi inayofanana. Viti vya kupigiwa kura vilikuwa 1,882 nchi nzima. Ukikosa kimoja, laumu kijiji chako, usilaumu hesabu. Ila chunguza masharti. Gavana na naibu wake walitakiwa kuwa na digrii, lakini mbunge, anayetunga sheria ambazo gavana huyo atazifuata, hakutakiwa. Usiulize kwa nini. Sheria ya uchaguzi hutungwa na wabunge.

Rais ndiye mwenye kiti kigumu. Zamani aliyewania urais aliwania pia ubunge wa kwao, akiangushwa huku anaangukia kule. Katiba mpya iliuondoa mto huo. Raila Odinga, Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi na Martha Karua, wote vigogo, walijikuta mwezi Aprili hawana pa kuketi Bungeni. Ndugu yangu, kama huna uhakika, acha urais uwanie useneta. Hakuna anayejua vizuri seneta hufanya nini, kwa hiyo hakuna atakayesema hukufanya.

Chama usikipende sana. Chama ni fulana: unaivaa msimu wa kampeni na baada ya hapo unaifutia gari. Katiba mpya na sheria zake zilikuja na nia ya kuwakomesha wanaorukaruka, na Bunge likazisogeza tarehe za mwisho ili kila mtu amalize kuruka kwanza. Mchujo wa Januari 2013 ukawa vurumai, walioangushwa wakikimbilia vyama vidogo kabla dirisha halijafungwa. Wewe weka mguu mmoja kwenye chama kikubwa, na cheti cha chama kidogo uwe nacho kwenye droo.

Wapiga kura wako wahimize wavae suti, yaani wachague chama kimoja kutoka juu hadi chini. Waambie kuchanganya ni usaliti. Usiwaeleze kwamba zile karatasi sita ziliwekwa makusudi ili mtu aweze kuchanganya.

Kuhusu wanawake, sema uko nao. Katiba inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya nafasi za kuchaguliwa. Ni maneno mazuri sana, na ungeweza kuyaweka kwenye bango. Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilishauri kwamba kwa Bunge kanuni hiyo itimizwe hatua kwa hatua, sheria iwe imepatikana kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Basi tukaanza kupiga hatua. Mwaka 2013 magavana 47 walichaguliwa, mwanamke hata mmoja hakuwamo. Maseneta 47 walichaguliwa, vilevile. Katika majimbo 290 ya ubunge wakapita wanawake 16. Tarehe ya 2015 ikaja ikapita, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamwandikia Rais kumshauri alivunje Bunge kwa kushindwa kuitunga sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa. Kwa hiyo ukiulizwa, jibu lako ni lilelile: hatua kwa hatua. Usitaje unaelekea wapi.

Iwapo sura ya uadilifu inakukosesha usingizi, lala. Uhuru Kenyatta, aliyewania urais, na mgombea mwenza wake Ruto walikuwa na kesi The Hague, na watu wakaenda Mahakama Kuu kuuliza kama wanastahili kugombea. Tarehe 15 Februari 2013 mahakama ikasema jambo hilo haliko katika mamlaka yake. Kampeni haikupoteza hata siku.

Mdahalo uhudhurie, maana ni wa televisheni. Wetu wa kwanza, Februari 2013, ulikuwa na wagombea wanane, mmoja wao, Paul Muite, akiwa amekwenda mahakamani ili aongezewe meza. Aliyewafurahisha wengi usiku huo alikuwa mwalimu Mohamed Abduba Dida, ambaye wengi hawakuwahi kumsikia. Siku ya kura alipata 52,848, akamshinda Karua, waziri wa zamani wa sheria. Usijidanganye, lakini. Hizo hazikufika hata nusu ya asilimia moja. Kuchekesha kunakupa jina na kabila ndilo linalokupa kura, na hilo halikubadilishwa na kifungu chochote.

Tufike kwenye mashine, maana hapa ndipo penye utamu. Katiba mpya huja na mitambo mipya. Sisi tulisajiliwa kwa alama za vidole, na siku yenyewe vikaletwa vifaa vya kumtambua mpiga kura kwa kidole chake. Vituo vingi vilikuwa madarasa ya shule za msingi, na katika mengi ya hayo madarasa umeme ulikuwa kitu cha kusomwa kitabuni. Betri zikazimika. Makarani wakafungua daftari la karatasi na kutafuta majina kwa rula, watu wakiwa wamepanga foleni tangu alfajiri. Matokeo nayo yalipaswa kupaa kwa simu hadi Bomas, kituo kikuu cha kujumlishia kura, na kwa muda yalipaa kweli, yakionekana kwenye skrini kubwa. Kura zilizoharibika zikawa zinapanda mno, zikapita 300,000, nchi nzima ikijiuliza Wakenya wamesahau lini kuweka alama. Baadaye tukaelezwa kwamba programu ilikuwa inazizidisha mara nane. Mwishowe mfumo ukalala, na wasimamizi wa majimbo wakaja Nairobi wenyewe, fomu mkononi. Hesabu ya mwisho ya zilizoharibika ikawa 108,975.

Fundisho kwako ni hili: ipende mashine. Isifu kila unapopewa kipaza sauti. Ikifanya kazi, ni ushahidi kwamba umeshinda, na ikikwama ni ushahidi kwamba mpinzani ameiba. Hakuna wakala aliyewahi kukufaa pande zote mbili namna hiyo.

Kushinda urais kunataka zaidi ya nusu ya kura, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Uhuru alipata asilimia 50.07, yaani aliipita nusu kwa kura elfu nane na ushei. Ghafla kila mwanasiasa akawa mwanahisabati, na ikabidi Mahakama ya Juu iamue kama kura iliyoharibika ni kura. Ikasema si kura ya kuhesabiwa. Raila, aliyekwenda mahakamani kuupinga ushindi huo, alipeleka pia nyongeza ya ushahidi yenye mamia ya kurasa, ikakataliwa kwa kuchelewa, na tarehe 30 Machi majaji sita kwa sauti moja wakathibitisha ushindi. Toleo la kwanza la mwongozo huu lilisema basi kwamba Mahakama ya Juu ni mahali pa kwenda kupigwa picha tu. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyohiyo ikaufuta uchaguzi wa urais wa mwaka huo. Ukurasa huo tafadhali uchane.

Umeshinda? Vizuri. Siku mia za kwanza usiziharibu kwa kutunga sheria. Ukiwa gavana, dai bendera ya kupeperusha kwenye gari, ukiwa wa wadi, dai safari ya mafunzo ng'ambo. Ukiwa mbunge, dai mshahara. Tume mpya ya mishahara, chini ya Sarah Serem, iliwapangia wabunge shilingi 532,500 kwa mwezi, nao walitaka 851,000 za wenzao waliowatangulia. Tarehe 14 Mei 2013 waandamanaji waliopinga dai hilo wakamwaga damu na kuachilia nguruwe kwenye lango la Bunge. Nguruwe walikula walichokuta pale, polisi wakawafukuza wenye nguruwe, na kufikia Juni maelewano yakapatikana: mshahara ubaki vilevile, na kila mbunge apewe shilingi milioni 5 za kununulia gari. Ukiulizwa na wa jimboni, sema ukweli: mshahara hukuongezewa hata senti.