Tumpe Uozo Haki Yake

Methali imemchongea: samaki mmoja akioza, huoza wote. Wapishi humfukuza kwa chumvi, wachuuzi kwa barafu, na kila apitaye jalalani humtemea mate. Leo nasimama kumtetea Uozo, mfanyakazi hodari kuliko wote katika kaunti ya Kilifi, ambaye hajawahi kugoma wala kudai marupurupu.

Mtazame kazini Malindi msimu wa maembe. Ngowe limeanguka usiku, ganda limepasuka karibu na kikonyo. Kukicha, vijidudu visivyoonekana kwa macho vimeshaingia kwenye sukari na harufu ya pombe imeanza kutoka. Nzi hutaga kwenye ufa, ukungu hutanda, funza hushika zamu. Siku chache baadaye pamebaki kokwa na nyuzi zake, na mwembe umerudishiwa chakula chake shinani. Gari gani la taka hufanya hivyo bila petroli?

Masharti yake ni machache: joto, maji na hewa. Joto likipanda nyuzi 10, kasi yake huelekea kuwa maradufu, ilimradi lisizidi hadi likaua vibarua wake. Ndiyo maana nguru aliyeshushwa alfajiri bila barafu, adhuhuri mnunuzi humfunua mashavu, akaona wekundu umegeuka kahawia, akaenda zake. Barafu humlaza Uozo usingizi tu, ikiyeyuka, huamka. Chumvi ya Gongoni na Marereni humkomesha zaidi kwa kumnyima maji, na hiyo ndiyo siri ya ng'onda.

Ukimnyima hewa hasusi, hupunguza mwendo. Katika tope la mikoko la Mida, vibarua wake hutumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni, na hapo ndipo inapotoka ile harufu ya yai viza inayomfanya mgeni ashike pua. Kwa kuwa anakwenda taratibu, mabaki ya majani na mizizi hulimbikizana humo miaka na miaka, na kaboni yake haipandi hewani. Wanasayansi humshukuru kwa hilo. Niambieni, nani mwingine husifiwa kwa bidii yake na kwa uvivu wake pia?

Paje na Jambiani, kule Unguja, wanawake wamemwajiri kabisa. Hufukia makumbi ya nazi ufuoni, mahali panapofunikwa na maji, wakamwachia miezi kadhaa. Uozo hula kile kinachogandamanisha nyuzi, maana ni laini kwake. Nyuzi zenyewe ni ngumu, huziacha. Makumbi hufukuliwa yakinuka, hupondwa kwa rungu, husokotwa kamba.

Lakini adabu yake utaiona kwenye vigango. Wagiriama humchongea marehemu wa chama cha Gohu nguzo ya ukumbusho, mara nyingi ya muhuhu, mti unaowachosha hata mchwa. Kigango hukaa pale kiliposimikwa; watu wakihama, chenyewe hakihami. Kukimaliza ni kazi ya mvua, kuvu na mchwa. Wakaja wezi, wakaving'oa, vikauzwa mpaka Marekani, vikasimamishwa katika vyumba vikavu ambamo Uozo hana ruhusa ya kuingia. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver liliamua kurudisha 30 kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ukipima heshima, mchwa amemshinda mwizi: yeye hukila kigango papo hapo, mbele ya wenyewe, tena polepole.

Wanaomchukia na watazame mahali aliposhindwa kazi. Plastiki hajui aing'ate wapi. Mwaka 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ikatangaza faini ya mamilioni na kifungo. Ganda la ndizi Uozo huliondoa bure. Mfuko ulihitaji Gazeti la Serikali, askari na hakimu. Na ufuoni Watamu watu bado huinama kuokota chupa na kandambili, moja moja, kwa mikono. Basi anayeziba pua akipita karibu na Uozo achukue gunia akawasaidie, na jioni atuambie kama mgongo wake ungali unamlaumu.