Uani Hakuna Nafasi Yangu

Mwaka jana nilijenga banda la kuku saba: matetea sita na jogoo mmoja. Mita mbili kwa moja na nusu, mabanzi, mabati ya juu, wavu mbele. Fundi aliniuliza, "Bosi, hutaki tuongeze kidogo?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayelipa: "Kuku ni saba." Wataalamu wa mifugo wanashauri kuku wa kienyeji wanne kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuku 12. Nikajiona nimepanga kama wizara.

Kosa langu lilikuwa kuhesabu kuku waliopo. Kuku waliopo hawana shida. Wanaotesa ni wale walio njiani.

Matetea wawili wakaatamia. Miaka yote hapa Mbagala, ukipata vifaranga 20, kunguru anachukua wake, mwewe anachukua wake, mdondo unakuja kufagia, unabaki na wanne na unyenyekevu. Safari hii nikajifanya msomi. Nikachanja dhidi ya mdondo, tone moja jichoni, na kurudia kila miezi mitatu. Vifaranga nikawafunika kwa tenga. Baada ya siku 21 walitoka 20, na 20 wote wakakua. Sikujua kwamba afya inaweza kukera hivi.

Tukawa na 27. Kisha Shangazi akaja kutoka Singida, na mtu wa Singida haji mikono mitupu. Akashuka basi na kuku wanne. "Mwanangu, hawa ni wa mbegu." Nani atamwambia shangazi yake kwamba banda limejaa? Nikapokea kwa mikono miwili. Wakawa 31.

Kuku wageni hawachanganywi siku hiyo hiyo. Wanakaa pembeni wiki mbili ionekane kama wamebeba ugonjwa. Kwangu "pembeni" ni bafu la nje. Wiki mbili nzima ukipiga hodi bafuni ulijibiwa na Wanyaturu wanne wenye manyoya.

Sasa njoo saa kumi na mbili jioni uone. Kila kuku anahitaji kama sentimita 20 za kulalia kwenye kichanja. Kuku 31 ni zaidi ya mita sita, na kichanja changu ni mita mbili. Kumi wa kwanza wanapanda, kifua mbele. Wa kumi na moja anaruka, anatua mgongoni mwa mwenzake, anadonolewa utosini, anashuka na wawili. Wanajipanga upya. Jogoo mzee anapiga mbawa kama kondakta, lakini hakuna anayesogea ndani. Walioshindwa wanakwenda kulala kwenye mwembe wa jirani, na asubuhi kinyesi chao kinakuwa kesi yangu.

Viota ndiyo usiseme. Kiota kimoja kinatosha matetea wanne au watano, nami niliongeza vitatu vipya, nikaweka na maranda safi. Wote wanataka kile kile cha zamani. Wanapanga foleni wakilalamika, huku vingine vitatu vitupu kama ofisi siku ya sikukuu.

Kati ya wale 20, 11 ni majogoo. Saa kumi alfajiri mmoja anaanza, wengine wanamkosoa. Jirani alikuja kwa adabu kabisa: "Jirani, samahani, hao ni kuku au kwaya?" Nikaona dawa ni kisu. Mama Neema akanizuia mlangoni. "Baba Neema, huyo mwekundu ni wa Pasaka. Mweupe ni wa wakwe. Yule kishingo ni daftari za Januari." Nikauliza wangu ni yupi. Akasema, "Wewe si una mshahara?"

Basi nikamwita fundi tena. Hakucheka, ila alipima polepole kuliko kawaida. Banda la kuku 31 linataka mita nane za mraba. Uwanja wa kuparuaparua, mita moja kwa kila kuku, ni 31. Jumla 39. Kunyanyua banda ghorofa hakusaidii, maana kuku anahesabiwa kwa sakafu, si kwa hewa. Na lile la zamani lazima livunjwe. Misumari niliyolipia mwaka jana nitalipia kuing'oa mwaka huu.

Uani kwangu ni mita sita kwa nane, yaani 48. Toa 39, zinabaki tisa. Tanki la maji mbili. Karo la choo tatu, wala halijengewi juu. Kamba ya nguo nne, na hiyo Mama Neema hajadili. Inabaki sifuri. Hiyo sifuri ndipo kilipokuwa kiti changu cha plastiki, nilipokuwa nakunywa chai Jumapili.

Jumamosi banda lilisimama. Refu, hewa inapita, kivuli kizuri kuliko sebuleni. Nikaingiza kiti changu kona ya mwisho, nikakaa kujaribu. Fundi akachungulia, futi mkononi, penseli sikioni.

"Bosi," akasema, "kichanja nikate cha 31 au 32?"