Nimehama, Nipo Palepale

Tangu Machi 1, 2017, Mtanzania ana haki ya kuhama mtandao wa simu akaondoka na namba yake. TCRA inalijua hilo, kampuni za simu zinalijua. Shangazi yangu wa Muheza hajaliafiki.

Kwetu tarakimu za mwanzo za namba ni ukoo. Mtu hajamaliza kukutajia, umeshajua ni wa wapi: 075 ni Voda, 078 ni Airtel, 062 ni Halotel. Wenye 0754, 0784 na 0713 huzitaja polepole, makusudi, usikie kwamba walikuwa na simu wakati wewe ukipanga foleni kwenye kibanda cha kadi. Yangu ni ya rika hilo. Ipo kwenye fomu za shule za watoto, ipo kwa fundi seremala anayenikimbia, ipo ukutani kwa muuza mkaa, imeandikwa kwa bidhaa yake mwenyewe. Kuitupa ilikuwa haiwezekani. Lakini mtandao nao nyumbani ulikuwa umefikia hatua ya kunipandisha juu ya ndoo kibarazani, shingo upande, nikiongea na bosi huku majirani wakisikiliza.

Kuhama kwenyewe si kazi. Unakwenda duka la mtandao mpya na namba ya NIDA, unaweka kidole, unatuma neno HAMA kwenda 15080. Kabla ya hapo unatoa pesa zako kwenye simu, maana hazikufuati, na vocha iliyobaki unaisamehe.

“Na madeni ya huko ulipe, kaka,” binti wa dukani akaniambia, kwa sauti ya mnadi samaki wa Feri. Foleni nzima ikanigeukia. Nilikuwa nimekopa salio la shilingi mia tano. Nililipa nikiwa nimeinamisha kichwa.

Laini mpya ikashika, ndoo ikarudi bafuni, nami nikasahau kwamba kuna watu upande wa pili.

Shangazi hununua kifurushi cha mtandao kwa mtandao, na dakika zake huzitunza kuliko kuku. Aliiona namba yangu, akanitambua kwa ukoo, akapiga. Tukaanza na mgogoro wa shamba, tukaingia kwenye harusi ya Korogwe, na alipofika hasa kwenye jina la aliyekula mchango, simu ikakatika. Kumbe dakika zake zilikuwa zimekaa tu zikitutazama. Kilichoteketea ni salio la kawaida, alilokuwa amelihifadhi kwa ajili ya kumpigia daktari wa mifugo.

Akarudi kwa simu ya jirani. “Baba, umenikatia?”

“Sijakukatia, shangazi. Nimehama.”

“Umehama? Na watoto? Mbona hamkuaga?”

“Nimehama mtandao.”

“Muongo wewe. Namba si ileile?”

Hapo sikuwa na jibu, na wakala wa pale kijijini akazidi kuniharibia. Shangazi alipotaka kunirejeshea pesa ya mbolea, alimwambia nimehamia kwingine. Wakala akaikagua namba kama noti ya elfu kumi. “Mama, mimi kazi yangu ni hii. Namba hii ni ya huku.” Alipojaribu huku ikakataa, wala hakuitilia shaka elimu yake, akamwambia shangazi laini yangu huenda imefungiwa. Kufika jioni, ukoo mzima ulikuwa na habari kwamba nina matatizo na serikali. Binamu mmoja akanitumia ujumbe wa kunitia moyo.

Siku hizi shangazi akiwa na neno na mimi humpigia mke wangu, ambaye hajahama, kisha mimi napewa simu. Juzi nilimsikia akianza kwa kuuliza: “Mumeo yupo, au kahama tena?”